Mama Mkwe na Kengele ya Mlango wa Mbele

Walisema haitawezekana. Kengele ya video, walisema, ni kitu cha nyumba za Masaki, kwa matajiri wa Dar, si cha Njombe. Ukungu utaiziba jicho, baridi ya Juni itaimaliza betri, na umeme wetu wa kuja na kuondoka hautaiacha ifike Pasaka. Wakamalizia kwa kusema kwamba hata ikifungwa, yule mama hatakubali kuigusa. Naandika haya nikiwa dukani kwangu Makambako, chini ya bango lenye jina langu, na kengele ile bado inalia. Waliosema nawaona wakipita barabarani. Huwa nawasalimia mimi kwanza.

Yule mama ni mzazi wa mke wangu. Nimemjua tangu nilipopeleka posa, na kwa muda wote huo nimemjua zaidi kwa mgongo. Kwetu, kwa wanaoshika desturi, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawaangaliani usoni. Si uadui. Ni heshima, na heshima ile ina kazi: hakuna ugomvi kati ya watu ambao hawajawahi kukodoleana macho. Tukikutana njiani, yeye hupanda kwenye majani na kutazama mashamba, nami hutazama upande wa pili kama mtu anayekagua nguzo za umeme, kazi ambayo hata hivyo naiweza. Vijana wengi wameyaacha haya. Yeye hakuyaacha. Hata kwenye picha za harusi yetu, ambazo mpiga picha wake nilimtoa Iringa kwa gharama zangu, mama ameangalia pembeni kana kwamba ng'ombe wa mtu ameingia kwenye mahindi.

Sura yake basi niliijua kwa vipande: sikio lenye hereni ndogo, kona ya shavu, mkono unaofunga kitambaa. Mgongo ndio niliousoma mpaka nikauhitimu. Ukiwa umenyooka ndani ya shali yake ya kijani ya sufu, mambo ni mazuri. Ukiinamia kulia, kuna mtoto wake mmoja amepiga simu na kusema jambo la kijinga.

Kunisemesha moja kwa moja hakuwahi. Maneno yake yalipitia kwa mke wangu, na mke wangu asipokuwepo, yalipitia kwa chochote kilichokuwa karibu. "Wewe kiti, mwambie mkwe aketi." "Mlango, muulize mkwe kama watoto wamepona mafua." Nami nilijibu kwa njia hiyo hiyo, nikimwambia mlango kwamba watoto hawajambo, wanashukuru. Siku moja nilikwenda na rafiki yangu wa Dar es Salaam, tuliyefunga naye umeme kwenye maghorofa kabla sijaamua kurudi nyumbani. Alidhani mama amechanganyikiwa. Nilimwambia angoje. Chai haijaisha, mama, kupitia birika, alikuwa ameshamuuliza kwa nini mwanamume mwenye ndevu kama zile bado hajaoa.

Mama ni Mlutheri wa mstari wa mbele, mzee wa kanisa, na aliulaani ulanzi, pombe ya mianzi, kila alipopata watu wa kumsikiliza. Lakini nyuma ya nyumba yake kuna kichaka cha mianzi, na msimu wa mvua ukifika aliigema mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa kisu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mke wangu aliwahi kumuuliza inakuwaje. "Mimi nalaani kunywa," alisema. "Kugema sijamsikia mchungaji akikataza."

Umeme nao aliutumia bila kuuamini. Aliuita mgeni asiyeaga. Nyumba ina taa kila chumba, lakini chemli yake ilijazwa mafuta kila jioni na kuwekwa mezani, kioo kimefutwa. "Mgeni akiondoka, mwenye nyumba hakai gizani," alisema. Sikubishana. Mimi ni mtu wa umeme, na mtu wa umeme wa kweli ndiye wa kwanza kununua tochi.

Sheria kubwa nyumbani kwake ilikuwa hodi. Unasimama nje, unapiga hodi, unasubiri. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka. "Hodi ni ombi, si taarifa," ndiyo kauli yake. Mtoto wake wa kwanza, shemeji yangu mkubwa, mtu mwenye cheo huko Dodoma, aliwahi kuingia moja kwa moja mpaka sebuleni akiwa na simu sikioni. Mama alimrudisha getini. Akasimama pale na suti yake, akapiga hodi, na mama akamwacha asubiri kwa muda wa kutosha kumenya viazi vya mchana, ndipo akamkaribisha kwa furaha kubwa kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Ni shemeji huyo aliyeleta jambo lenyewe. Mama alikuwa amebaki peke yake, sikio moja limeanza kuwa zito, na akiwa bustanini hasikii hodi hata ukiipiga kwa sauti ya kwaya. Watu walikuja wakaondoka. Safari moja aliumwa homa, akajifungia ndani, na hakuna aliyejua mpaka alipopona mwenyewe. Shemeji akaitisha kikao cha watoto wote kwa simu, mama akiwemo. Mama ahamie Dodoma, alisema, chumba kipo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Dodoma hakuna ukungu," alisema. "Mtu akitaka kulia kidogo anajificha wapi?"

Watoto wakacheka, lakini mke wangu hakucheka, kwa sababu alimjua mama yake. Nyumba ile alifyatua matofali yake akiwa na marehemu mumewe. Viazi vyake, parachichi zake, kanisa lake, kaburi la mumewe, vyote viko umbali wa kutembea kwa miguu. Kumhamisha ilikuwa kumng'oa. Ndipo nikasema, kupitia kwa mke wangu, kwamba kuna kengele ya mlangoni yenye kamera, spika na maikrofoni. Mgeni akibonyeza, simu za watoto wote zinalia popote walipo, wanamwona na kuzungumza naye. Na mama mwenyewe akiibonyeza kila asubuhi, wote watajua ameamka salama.

Shemeji alikubali kwa shingo upande. "Sawa, tuijaribu. Lakini asubuhi itakayopita kimya, nakuja na gari. Na wewe shemeji, usituletee ile ya betri. Ya jirani yangu ilikufa ndani ya wiki."

"Ya jirani yako ilifungwa na nani?" nilimuuliza.

"Na fundi."

"Hii itafungwa na diploma," nikasema, na mke wangu akanikanyaga mguu.

Hapa niseme kidogo kuhusu kazi, kwa kuwa wengi wanaharibu. Betri na baridi ya Njombe haviivani. Asubuhi za barafu kwenye majani, betri inayodumu miezi Dar, huku kwetu inachoka kama mzungu anayepanda mlima, na jua lenyewe la kuchajia limefunikwa na ukungu. Kengele ile inataka waya. Lakini haitaki umeme wa ukutani ulivyo. Ukiiunganisha hivyo unaichoma, na pengine unamchoma na mgeni. Inataka transfoma ndogo inayoupunguza umeme mpaka unaweza kuushika bila kuruka. Nilizima swichi kuu, nikaifunga transfoma kwenye kisanduku cha swichi, nikavuta waya mpaka pembeni mwa mlango wa mbele. Waya mnene. Fundi wa bei rahisi huweka waya mwembamba wa spika, mchana inafanya kazi, ikifika jioni kamera inawasha taa yake ya gizani, inahitaji umeme zaidi, inazima, inawaka, inazima. Waya mwembamba ni mrija wa kunyonyea uji: uji upo, lakini utakufa na njaa. Ruta ya intaneti na kengele nikaviwekea betri ya akiba ndani ya nyumba, penye joto, ili mgeni asiyeaga akiondoka wao wabaki.

Nilifanya kazi yote sebuleni na kibarazani, kwa sababu ndiko mkwe anakoruhusiwa kufika. Mama alikaa chumba cha pili na kuuliza ukuta maswali. "Ukuta, muulize mkwe, hiki kitu kinakula umeme kiasi gani?"

"Ukuta, mwambie mama kinakula kama kifaranga."

"Kifaranga hukua."

Jambo moja lilibaki. Kamera ingemwonyesha mama kwenye simu zote, na simu mojawapo ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye fundi na ndiye ninayekaa karibu. Mke wangu alipomweleza, mama alifikiri, akasema, "Basi nitabonyeza kinyumenyume." Na ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi, kabla sijafungua duka, simu ililia na pale kwenye kioo ukatokea mgongo wenye shali ya kijani, mkono umepindwa nyuma kama wa mtu anayejikuna, na kwa mbali geti na ukungu. Shemeji alilalamika kwamba analipia intaneti ya kutazama sufu. Mimi niliridhika. Ule mgongo niliusoma kila siku, na ulikuwa umenyooka.

Halafu ikaja asubuhi ya kimya.

Nilingoja, nikaifungua kengele kwa simu. Ilikuwa hai, umeme upo, picha safi: kibaraza kitupu. Nikaita kupitia spika yake, "Hodi, mama! Hodi!" Kuku mmoja akapita. Mke wangu alikuwa Iwawa kikazi. Mama jirani, anayekaa mbele ya geti la mama, simu yake haikupatikana. Simu ya kwanza kuingia ikawa ya Dodoma.

"Umeona?" alisema shemeji. "Kimya."

"Kengele ni nzima. Naelekea huko."

"Kengele nzima ya nini kama mama haonekani? Mimi nafungasha. Kesho niko hapo, na narudi naye."

Nilifunga duka, nikaendesha gari langu kuelekea Njombe huku nimewasha taa mchana kweupe kwa ajili ya ukungu. Nilifika, nikapiga hodi mlango wa mbele. Kimya. Sheria ya nyumba ile inasema usipoitikiwa unarudi. Na kuzunguka nyuma, kwa mkwe, ni jambo jingine kabisa. Jiko la mama mkwe sikuwa nimeliona tangu nizaliwe. Nilisimama pale kibarazani na diploma yangu, mkono kwenye kengele niliyoifunga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza sikujua nyumba ile imekaaje.

Nikazunguka.

Jiko liko peke yake nyuma ya nyumba, la matofali, moshi ukitoka kwa unyonge. "Hodi," nikasema, nikaingia bila kusubiri. Mama alikuwa ameketi sakafuni kando ya mafiga, ndoo imepinduka, maji yameenea, kitambaa kimemdondoka kichwani. Na akanitazama. Ni uso wa mke wangu, uleule, ila uliokaushwa vizuri, wenye majivu shavuni na macho makali yasiyo na hofu yoyote. Kuku alikuwa kando yake akidonoa ugali wa jana.

"Wewe kuku," alisema mama, "mwambie mkwe ageuke."

Nikageuka, nikatazama ukuta. "Kuku, mwambie mama nimegeuka. Ameumia wapi?"

"Kuku, mwambie mguu wa kulia. Niliteleza na maji. Haujavunjika, vidole navichezesha."

"Kuku, muulize mama yuko hapa tangu lini."

"Tangu kulipokucha. Na mwambie aache kumtuma kuku huyu sana, anataga."

Nilicheka, na nyuma yangu nikasikia naye anacheka, kicheko ambacho kwa miaka yote nilikuwa nakisikia kupitia kuta. Nilirudi nyuma kinyumenyume nikimsukumia kigoda, kisha mpini wa jembe ajishikize, naye akajivuta mwenyewe mpaka akakaa. Suala la kumgusa hakuna aliyelitaja. Nikamwambia kuku kwamba naenda kumtafuta mama jirani sokoni, aje amfunge mguu.

Lakini nilipokuwa nimegeukia ukuta, macho yangu yalikuwa na kazi yake. Nililiona lile jiko. Pale ndipo panapochemshwa, panapokaliwa, panapoteguliwa mguu. Kuna mlango wa stoo, kuna kijia cha kwenda mianzini, kuna geti dogo la nyuma ambalo njia yake imechimbika kwa miguu ya watu. Mama jirani hupita pale. Wanakwaya hupita pale. Mlango wa mbele, nilioufungia kamera nzuri kuliko zote dukani kwangu, hutumiwa na wakwe, wachungaji na watu wa sensa. Hakuna chuo ambacho kingenifundisha hilo, na hakuna fundi mwingine ambaye angelijua, kwa sababu fundi mwingine asingekuwa mkwe na angefunga popote bila kufikiri. Mimi sasa nilijua nyumba yote. Mtu akishajua nyumba yote, kilichobaki ni waya.

Shemeji aliwasili kesho yake mchana. Alikuja na gari jipya, kiti cha mbele amekitandika blanketi na kukiegeza nyuma mgonjwa alale. Mama alikuwa jikoni juu ya kigoda, mguu umefungwa kitambaa, ametugeuzia mgongo sote wawili. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya mafiga na drili mkononi, nikifunga kengele ya pili kutoka transfoma ileile, chini kabisa, usawa wa mtu aliyeanguka.

Shemeji alisimama mlangoni mdomo wazi. "Mkwe yuko jikoni kwako?"

"Yuko," alisema mama. "Aliingia jana. Faini yake ni kuku mmoja, kashalipa."

"Mama, tuache mizaha. Tulikubaliana. Asubuhi moja ya kimya, unahama. Umelala sakafuni hujui utaokolewa na nani!"

"Nilijua. Anayekaa karibu ndiye aliyekuja."

"Angekuwa safarini je?"

Shemeji akasema anakwenda kupanga mizigo kwenye gari, akatoka kwa hatua za mtu aliyemaliza kikao. Nikakaza skrubu ya mwisho, nikabandika kipande cha plasta kwenye jicho la kamera, maana jikoni si mahali pa kupigana picha, nikawasha umeme kutoka kwenye kisanduku. Taa ndogo ya bluu ikazunguka, ikatulia.

"Kigoda," nikasema, "mwambie mama tayari."

Mama aliinama, akanyoosha mkono mpaka chini, akabonyeza. Uani simu ya shemeji ikalia mfukoni. Ikalia ya kwangu, na bila shaka zikalia za wengine kila walipokuwa. Shemeji akaipokea, na sauti ya mama yake ikamtoka mkononi, kubwa na safi, watu wa barabarani wakisikia.

"Nani amekuambia nahama?"

"Mama, niko hapa nje!"

"Najua uko nje. Hata ukiwa Dodoma nitakusemesha hivihivi. Nilipoangukia pale sakafuni, mkono wangu ungefika hapa. Nimeupima. Wewe umezaliwa nyumba hii, niambie swichi ya stoo iko wapi."

Shemeji alitazama paa, akatazama mianzi. "Iko... ndani."

"Iko nje, nyuma ya mlango wa jiko. Mkwe anaijua tangu jana. Mtu asiyejua swichi zangu hawezi kunihamisha."

Nilimwona shemeji akiishusha simu. Ni mtu mgumu, lakini si mtu mbaya. Alikuja mpaka mlangoni, na safari hii alisimama nje ya kizingiti. "Hodi, mama," alisema.

Mama akamwacha asubiri kidogo tu. "Karibu, mwanangu. Chai ipo."

Alikunywa chai, akaikagua kengele, akaibonyeza mwenyewe mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaniuliza maswali ya waya na transfoma nami nikamjibu yote. Jua lilipoanza kushuka akaaga. Buti ilishajaa parachichi. Mama akasema kiti kilichotandikwa hakiendi kitupu, na vijana wa mama jirani wakaleta gunia la viazi, wakalilaza pale mbele juu ya blanketi. Gari lilipowashwa likaanza kupiga kelele zile za kumkumbusha abiria afunge mkanda. Shemeji aliliacha lipige, akasogea hatua chache, likazidi. Mwishowe akasimama getini, akainama, akalivuta lile gunia likae sawa, akalifunga mkanda, na gari likanyamaza, wakaondoka wawili kuelekea Dodoma.